Moto wa Akina Guinan

Uongo wa Attracta Guinan ulikuwa mfupi. Mwanawe Declan alisimama mlangoni na ngazi begani, akamwuliza, "Mama, moto umezimika?" Naye bila kuinua macho kwenye kikombe chake cha chai akajibu, "Umezimika tangu jana." Declan akaamini. Hata sisi majirani wa barabara ya Derrynagall tungeamini, maana mama huyu wa miaka themanini hakujulikana kwa uongo. Alijulikana kwa kusema kweli mahali ambapo kila mtu alikuwa akiomba anyamaze.

Ilikuwa Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa kumi, siku ambayo mpimaji alikuwa aje kuipima nyumba yao. Tangu kinamasi kilipofungwa na mtambo wa umeme kubomolewa, Ulaya imekuwa ikituletea pesa za kutupoza machungu. Sisemi hivi kwa kukosa shukrani. Sisi tuliishi kwa mboji, ule udongo mweusi wa kinamasini unaokatwa vipande kama matofali, ukaanikwa, ukachomwa badala ya kuni. Halafu dunia ikasema moshi wake unaiharibu hewa, na tukaachishwa kazi karibu wote ndani ya mwaka mmoja. Baadaye likatengwa fungu kwa ajili ya mikoa kama yetu, na nyumba moja baada ya nyingine zikajazwa sufi ya kuzuia baridi ndani ya kuta, zikawekewa madirisha ya vioo vitatu, na pampu ya joto, mashine ya umeme ya kupasha nyumba, ikasimama nje ya kila jiko ikinguruma taratibu.

Masharti ya ruzuku yalikuwa mengi, ila lililouma lilikuwa moja: dohani izibwe, na meko yasiwashwe tena. Kwa wengi wetu halikuwa gumu. Lakini moto wa akina Guinan haukuwa moto wa kiberiti. Baba mkwe wa Attracta aliuleta mwaka 1924 ndani ya ndoo, makaa mekundu kutoka mekoni kwa wazazi wake ng'ambo ya mto, na wazazi wake nao waliupata kwa wazazi wao. Tangu hapo haukuwahi kuzimika. Kila jioni mwanamke wa nyumba aliyakusanya makaa na kuyafukia kwa majivu, na asubuhi aliyafukua yakiwa hai. Attracta alikabidhiwa koleo mwaka 1966, siku ya harusi yake, na mama mkwe aliyemwambia neno moja tu: "Usiuue." Kwetu, moto wa nyumba ulikufa pale tu watu wake walipokwisha au walipohamia Amerika.

Upande wa pili kulikuwa na mapafu yake. Majira mawili ya baridi mfululizo alilazwa hospitali, na daktari alimwambia Declan waziwazi kwamba akirudi tena kwenye moshi na unyevunyevu ule, safari nyingine asipelekwe kwake, apelekwe moja kwa moja nyumba ya wazee. Ruzuku ilikuwa euro elfu thelathini na nane. Karatasi ya kipimo ilitakiwa kufika ofisini siku hiyo hiyo kabla ya saa kumi na moja jioni. Isipofika, pampu ingepakiwa kwenye lori kurudi ilikotoka, na mama yake Declan angeondoka nyumbani kwake.

Sorcha Heffernan, mpimaji, alifika saa tano. Alikuwa dada wa miaka thelathini hivi, mtu wa mjini, mwenye buti ambazo hazijawahi kukanyaga kinamasi. Aliufungua mlango wa mbele, akauziba kwa turubai jekundu lenye feni kubwa katikati. Bernie, mke wa Declan, alikuwa amepaka sebule rangi nyeupe wiki nzima, na sasa alisimama pembeni akiwa ameikunja mikono yake kifuani kama mama wa bwana harusi.

"Feni itavuta hewa kutoka ndani," alieleza Sorcha. "Penye tundu lolote, hewa ya nje itaingilia hapo, na mimi nitaona humu." Akagonga kioo cha kompyuta yake. "Mekoni hamna moto?"

"Hamna," alisema Declan.

"Kweli, Bi Attracta?"

"Si umemsikia mwenye nyumba?"

Sorcha akachungulia mekoni. Aliona majivu yaliyotulia, hakuna moshi, hakuna cheche, akaridhika. Mtoto yeyote aliyekulia barabara yetu angeweka kiganja juu ya yale majivu kwanza. Lakini yeye alikulia kwenye nyumba ya gesi, hakuna aliyemfundisha.

Feni ikaanza kunguruma. Mapazia yakavutwa, mlango wa kabati ukafunguka wenyewe. Juu ya paa Declan alikuwa ameifunika dohani kwa bati asubuhi ile, ila saruji ilikuwa bado haijashika, na upepo ukapata njia. Ulishuka dohani kwa kishindo, ukayapiga majivu, yakainuka yote kwa pamoja na kutanda sebule nzima. Chini yake makaa yalipata hewa ambayo hayakuwahi kuipata maisha yao yote. Yakawaka mekundu, kisha ya manjano, na moja likaruka hadi kwenye zulia jipya. Bernie alilikanyaga kwa kiatu chake cha nyumbani mpaka soli ikanuka. Feni ilipozimwa, watu wanne walikuwa wamesimama wakiwa na rangi moja ya kijivu, na kuta nazo vilevile.

"Mlisema umezimika," alisema Sorcha huku akikohoa.

Declan alimgeukia mama yake. "Mama."

"Nani alijua kuna mashine ya kufukua majivu?" alisema Attracta.

"Mama, kuta hizi nimezipaka kwa mikono yangu," alisema Bernie, na sauti yake ilikuwa karibu na kilio. "Wiki nzima. Nimelala na maumivu ya mgongo."

"Nimeona. Zilikuwa nyeupe sana. Nilidhani nimelazwa tena."

Hakuna aliyecheka. Sorcha alijifuta uso, akasema kwa upole kwamba kanuni haimruhusu kupima nyumba yenye moto, na kwamba kwa haki angepaswa kuandika sasa hivi kwamba imeshindwa. Ila alikuwa na nyumba nyingine ya kupima Clonmoyle. Angerudi saa tisa. Akikuta meko yamepoa, atapima. Akikuta yana joto, ataandika anachopaswa kuandika, na fungu la mwaka huu lingefungwa bila wao.

"Nisameheni," alisema akichukua mkoba wake. "Si mimi niliyeweka tarehe."

Alipoondoka, Declan alitoka uani akarudi na ndoo ya maji. Alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na mbili aliyeendesha mashine kubwa za kinamasini miaka thelathini, na kazi yake ya sasa ilikuwa kujaza sufi kwenye kuta za watu, kazi waliyomfundisha kwa pesa hizo hizo za Ulaya. Dohani kumi na mbili za barabara yetu alizifunika yeye. Alisimama mbele ya meko na ile ndoo, asiimwage.

"Maji yako ya kwanza ya kuoga yalipashwa hapo," alisema Attracta. "Baba yako alioshwa kwa maji ya hapo hapo siku tuliyomzika. Kama unataka kumwaga, ngoja nitoke kwanza, nifike mahali nisiposikia."

"Sasa unataka nifanyeje, Mama? Wakupeleke kwa wazee? Ukae kwenye kiti cha plastiki, ulishwe uji saa kumi jioni?"

"Sijasema ninachotaka. Nimesema usimwage maji mbele yangu."

Declan akaiweka ndoo chini. Ni Bernie, aliyekuwa amepiga magoti akisugua zulia, ndiye aliyesema bila kugeuka, na kwa hasira, "Si zamani mlikuwa mnagawiana? Mtu akijenga, anapewa makaa kwenye ndoo. Basi mpeni mtu. Ila saa tisa usiwe humu ndani."

Attracta alimgeukia mkwewe. Miaka ishirini na mitano walikuwa wakikaa nyumba moja bila kupendana sana wala kugombana sana. "Hilo ni neno," alisema, akanyoosha mkono kutafuta koleo.

Tuliliona gari la Declan likitoka uani saa saba kasoro, mama yake amekaa mbele na koti lake la kanisani, ndoo ya chuma katikati ya miguu yake, dirisha limeshushwa ili moshi utoke. Nyumba ya kwanza ilikuwa kwa Carmel Egan. Carmel na Attracta walikata mboji bega kwa bega tangu wakiwa wasichana, wakanywea chai kwenye chupa zilizofunikwa kwa soksi ili isipoe, na kila mmoja ni mama wa ubatizo wa mtoto wa mwenzake. Alipoiona ndoo alielewa kabla hajaambiwa, akafunika mdomo.

"Karibu ndani uone mwenyewe, dada," alisema.

Mahali palipokuwa na meko ya Carmel palikuwa na ukuta laini, na ukutani picha ya mjukuu wake aliye Melbourne. Hata alama haikuonekana. Attracta alipapasa ukuta kwa kiganja.

"Wamefanya kazi safi," alisema.

"Ni Declan huyu," alisema Carmel, na Declan akatazama viatu vyake. "Kuna joto, siwezi kusema uongo. Navaa blauzi nyepesi mwezi wa kumi. Lakini jioni sijui nigeuzie wapi kiti."

Alitaka kuwapikia chai. Walikataa kwa sababu ya muda, naye akamshika Attracta mkono kwa nguvu na kuwasindikiza hadi langoni.

Kwa Christy Minnock, aliyekuwa dereva wa treni ndogo ya mboji, mambo yalikuwa mengine. Christy aliwaingiza kwa majivuno moja kwa moja sebuleni, ambako moto mkubwa ulikuwa ukiwaka ndani ya sanduku la kioo, ndimi zikipanda na kushuka. Attracta alisogea, akanyoosha mikono. Haukuwa na joto lolote. Ilikuwa taa tu, na kioo, na picha inayocheza.

"Ina rangi saba," alisema Christy. "Hata buluu ninaweza."

"Kwa hiyo unakaa hapa unaota picha?"

"Joto linatoka sakafuni, Attracta. Hii ni ya macho tu."

"Mke wako angekuwa hai angekupiga na hilo sanduku."

Christy alicheka mpaka akajifuta machozi, na mwisho wa kicheko machozi yaliendelea kidogo. Aliinama juu ya ndoo, akavuta pumzi ndefu kwa pua, amefumba macho. "Harufu hiyo," alisema. "Nilikuwa nikirudi kutoka zamu ya asubuhi, naanza kuisikia nikiwa darajani. Sikuwa hata na haja ya kuangalia njia." Aliendelea kuinama pale mpaka Declan akamkumbusha kwamba saa inakwenda.

Walipita nyumba nyingine tano. Kwingine walikaribishwa, kwingine walijibiwa mlangoni na watu wenye haya, na kwa mgeni mmoja aliyehamia kutoka Dublin waliulizwa kama wanauza. Attracta alijibu, "Hapana, tunatoa bure," na yule bwana akasema asante sana, lakini nyumbani kwake wana aleji ya moshi. Gari liliporudi barabarani Declan alianza kucheka peke yake, na mama yake naye akacheka, na kwa mwendo mfupi ilikuwa kama siku zile walipokuwa wakirudi kutoka kinamasini wakiwa wamechoka na wachafu na hawana shida yoyote.

Ikabaki nyumba ya Mossy Kilmartin, mwisho wa barabara. Mossy hakuwahi kuoa, alikuwa na miaka sabini na tisa, na ruzuku aliikosa kwa sababu hati ya nyumba bado ina jina la kaka yake aliyefia Boston. Yeye ndiye pekee aliyebaki na meko wazi. Walimkuta amevaa koti ndani ya nyumba, mbele ya hita ya umeme yenye waya mmoja mwekundu.

"Mossy," alisema Attracta, "nimekuletea moto wa akina Guinan."

Mzee alivua kofia. Alichungulia ndoo, ambamo makaa yalikuwa yamepungua kidogo, akatazama meko yake meusi yaliyojaa magazeti ya zamani.

"Mwaka sitini na nne," alisema, "nilikuja kwenu kuomba makaa, moto wetu ulikuwa umenizimikia mikononi. Mama mkwe wako alinipa, ila alinisema wiki nzima kanisani."

"Namjua. Sasa leo hakuna wa kukusema."

"Nitaulisha nini, Attracta?"

Alikuwa hajaliwaza hilo. Declan aliona kwenye uso wake kwamba hakuliwaza kabisa.

"Kinamasi wamekirudishia maji," aliendelea Mossy. "Mimi kipande changu cha mwisho nilikichoma mwezi wa pili. Ninyi mmebakiza kiasi gani?"

"Lundo la bandani. Nitakupa lote."

"Litafika wapi?"

"Krismasi," alisema Declan kwa sauti ndogo. "Pengine hata isifike."

Mossy aliikunja kofia mikononi. "Ningeupokea leo, na ningefurahi, Mungu anajua. Ningekaa nao kila siku. Halafu Krismasi ungekufa hapa, mimi na huo moto peke yetu, kwenye nyumba isiyo yake. Usinitwike hilo. Tafadhali."

Attracta aliitazama ndoo. Pua yake ilikuwa nyekundu kwa baridi, na kwa mara ya kwanza siku ile alionekana mtu wa umri wake. Kisha aliinama akashika mpini wa ndoo.

"Umesema kweli," alisema. "Basi ufie kwetu. Nipeleke nyumbani, Declan."

Ilikuwa saa nane na robo walipoingia uani. Attracta hakuruhusu maji. Alimwagiza Declan aifagie sakafu ya saruji iliyo mbele ya banda, akaletewa kiti cha jikoni, akaketi. Kisha alichukua koleo, akaanza kuyatoa makaa kwenye ndoo moja baada ya jingine, na kila moja aliliweka mbali na mwenzake, hatua moja hivi, kwa kuwa makaa yakiwa pamoja yanatiana uhai na yakitengana hayadumu. Aliingia ndani akayamaliza na ya mekoni, mpaka la mwisho, dogo la ukubwa wa yai. Yalikuwa makaa kumi na tisa. Bernie alikuja na blanketi, akamfunika mama mkwe wake mabegani, na badala ya kurudi kwenye zulia lake alibaki amesimama nyuma ya kiti.

Nani alituambia, sijui. Pengine Carmel alipiga simu, pengine Christy. Ninachojua ni kwamba wa kwanza kutokea langoni alikuwa Carmel, amebeba sahani ya mikate yenye nyama, imefunikwa kwa kitambaa safi. Aliiweka dirishani, akamwendea Attracta, akampa mkono.

"Pole kwa msiba, Attracta," alisema.

Ndivyo tunavyosema kwenye mazishi, maneno hayo hayo, na mkono. Attracta alimtazama kuona kama ni mzaha. Haukuwa mzaha. "Asante, Carmel," alijibu. "Asante kwa kuja."

Nyuma yake alikuja Christy, amevaa tai. Akaja Mossy kwa miguu, kofia mkononi. Tukaja na sisi wengine, wale ambao muda mfupi kabla tulisimama mlangoni tukisema haiwezekani, na tukapanga mstari kutoka langoni hadi kwenye kile kiti, na kila mmoja akampa mkono na kusema pole kwa msiba. Kisha tukasimama kando ya banda, kama tunavyosimama mazishini. Mtu alitaja mwaka ambao mboji ilikaukia juani kwa siku nne tu. Mwingine alitaja jinsi baba yake Declan alivyokuwa akikata safu iliyonyooka kuliko uzi. Chai ilipita. Makaa yalikuwa yakivaa majivu taratibu, na kulipovuma upepo yalifungua macho kidogo, halafu yakayafumba.

Sorcha alirudi saa tisa kamili, akakuta uwanja umejaa watu waliovaa nguo za Jumapili. Alimvuta Declan pembeni kumwuliza nani amefariki, na Declan akamwonyesha sakafuni. Sorcha aliyatazama makaa. Sijui huko kwao mjini wanafundishwa nini, lakini aliiweka mashine yake chini, akaingia kwenye mstari nyuma ya mzee mmoja wetu, na zamu yake ilipofika akatoa mkono.

"Pole kwa msiba, Bi Attracta."

"Asante, mwanangu. Nenda kafanye kazi yako. Mekoni pamepoa, nimehakikisha kwa mkono. Safari hii si uongo."

Akaenda, Declan akamfuata. Tukaisikia feni ikianza, ikapanda, ikashika sauti moja. Hakuna kilichoruka. Sisi tulibaki nje, na kaa moja baada ya jingine likageuka kijivu, Attracta akiligusa kila moja kwa ncha ya koleo na kusema kwa midomo tu kitu ambacho hatukukisikia na hatukumwuliza.

Zilipita kama dakika arobaini. Declan alitokea mlangoni na karatasi mkononi, uso umemng'aa kama mtoto aliyefaulu mtihani. Nyumba ilikuwa imepita, na imepita vizuri kuliko nyumba zote za barabara yetu. Mama yake angebaki nyumbani kwake, baridi hii na zijazo. Alishuka ngazi mbili mbili, akafungua mdomo.

Attracta aliinua kiganja bila kugeuka.

"Ngoja kwanza, mwanangu," alisema. "Hili bado lina uhai."

Declan alisimama pale alipo, karatasi kifuani, na sote tukangoja.